Kila Sentensi na Karatasi Yake

Katika wizara ile nzima hapakuwa na mtu aliyewachosha wenzake kama Bi Kifungu, na mwenyewe alilijua hilo wala hakuona haya. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alibandikwa na makarani, maana ukimsalimia asubuhi, hujamaliza hata kuulizia afya yake, keshakutajia kifungu cha mkataba fulani. Alikuwa mkuu wa kitengo cha sheria katika wizara ya mambo ya nje, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na nyuma ya sikio lake la kulia ilikaa penseli nyekundu ambayo haikutoka hapo hata wakati wa chakula.

Penseli hiyo ndiyo iliyowachosha watu. Bi Kifungu alikuwa na kanuni moja: barua haitoki kwenda nchi za nje mpaka kila sentensi iwe na namba ya penseli pembeni, na kila namba iwe na karatasi yake juu ya meza. Ukiandika kwamba mvua ilinyesha, atakuangalia juu ya miwani na kukuuliza karatasi iko wapi. Naam, hata mvua. Mawaziri watatu walikuja na kuondoka wakijaribu kumwachisha tabia hiyo, na wote watatu walishindwa.

Basi Jumanne moja, saa tatu asubuhi, ikaletwa mezani kwake rasimu ya kurasa mbili kutoka ofisi ya Waziri. Katibu aliyeileta hakukaa. Alisema tu kwamba inatakiwa saa tisa alasiri ikiwa na sahihi yake chini, na kwamba safari hii, tafadhali sana, mambo ya penseli yawekwe kando, nchi imeshambuliwa.

Hilo la kushambuliwa lilikuwa halina ubishi, mji mzima ulikuwa haulali kwa ajili yake. Jana yake alfajiri, majeshi ya nchi jirani yalirusha makombora manne kutoka ng'ambo ya mto, yakaangukia kambi yetu ndogo ya mpakani yenye askari kumi na wawili. Wawili walijeruhiwa, wakapelekwa hospitali. Tangu hapo redio haikupumzika, na hata kinyozi wa pale mkabala na wizara, ambaye hajawahi kushika silaha kubwa kuliko wembe, alikuwa anawaeleza wateja jinsi ya kuuteka mji wa jirani kwa siku mbili.

Barua ilielekezwa kwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Ilisema kwamba nchi imeshambuliwa kwa silaha ndani ya ardhi yake. Kwamba inaitumia haki yake ya kujilinda kama ilivyo katika kifungu cha hamsini na moja cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Na kwamba majeshi yake yatavuka mto, yaiangamize ngome ya jirani iliyo juu ya kilima, pamoja na daraja na matangi ya mafuta ya mji ulio nyuma yake. Sahihi ya Bi Kifungu ikishakaa chini, majeshi yangevuka jua likizama, siku ileile.

Sasa sikiliza jambo ambalo katibu hakulitaja, ingawa alilijua. Kamanda wa ile kambi ndogo alikuwa luteni wa miaka ishirini na tisa, na luteni huyo alikuwa mdogo wake Bi Kifungu. Kitinda mimba wa nyumba yao. Mama yao alifariki mtoto ana miaka minne, na dada mtu ndiye aliyemlea, aliyemnyoa nywele, aliyemfundisha kusoma kwa kutumia gazeti la serikali kwa kuwa ndilo lililokuwapo. Nyumbani aliitwa Kitinda mpaka leo, na vyeo vyake vya jeshi havikusaidia kitu. Kwa kuwa aliujua ukingo ule kuliko mtu yeyote, boti ya kwanza kuvuka ingekuwa yake.

Bi Kifungu aliisoma barua mara mbili. Sikufichi, alilia kidogo. Kisha akafuta miwani kwa upindo wa blauzi, akachomoa penseli nyuma ya sikio.

Makombora manne: ripoti ya jeshi, akaandika moja. Askari wawili majeruhi: cheti cha daktari, akaandika mbili. Saa ya tukio: daftari la zamu la kambi, tatu. Alikwenda hivyo, mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye maneno manne mafupi yaliyokaa katikati ya aya ya kwanza, maneno ambayo hakuna mtu angepoteza hata dakika moja kuyatazama. Ndani ya ardhi yetu. Penseli ikasimama. Akapekua zile karatasi zote mezani, moja moja. Hakuna hata moja iliyosema kambi ile imesimama wapi.

Akashuka masijala, chumba cha chini ambako mafaili yote ya wizara yanalala. Mtunza masijala aliitwa Kabati, mwanamume mpana mwenye pumzi za shida, ambaye alijivunia kwamba hakuna faili lililowahi kumpotea. Alipoambiwa kinachotafutwa, alishangaa. Alisema kila mtu anajua kambi ni yetu, bendera yetu inapepea pale. Bi Kifungu akamjibu kwamba bendera ni kitambaa, yeye anatafuta karatasi. Kabati akacheka, akaingia ndani kati ya rafu, akarudi na mkataba wa mpaka, wa zamani, kingo zake zimeliwa na mende.

Mkataba ulikuwa mzuri, wa kueleweka. Mpaka ni katikati ya mto. Kwenye ukingo wetu zimejengwa nguzo za saruji ishirini na mbili, na kambi yetu iko kwenye nguzo ya tisa, hatua hamsini kutoka majini. Bi Kifungu akavuta pumzi ya nafuu. Angeweza kuandika namba nne hapohapo, akapanda ngazi, na mambo yakaisha. Lakini macho yake yalikuwa yameshateremka mpaka kifungu cha chini, ndiyo kazi yake na ndiyo ada yake, na kifungu hicho kilisema hivi: mto ukisogea kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, mpaka utasogea nao, bali mto ukihama kwa ghafla, mpaka hautahama, utabaki pale mto ulipokuwa.

Akakumbuka kwamba mwaka jana kulikuwa na mafuriko makubwa.

Chumba cha mawasiliano ya jeshi kilikuwa ghorofa ya pili. Walimpa simu ya mezani na dakika tano. Upande wa pili mlio ukawa wa mikwaruzo, halafu ikaja sauti aliyoijua toka ilipokuwa haijaanza kutamka maneno.

"Kitinda, uko umbali gani na nguzo ya tisa?"

"Dada, hata salamu?" alisema luteni. "Mtu nimepigwa makombora jana, unaniulizia habari za nguzo?"

Alimwambia ajibu kwanza, salamu atampa baadaye, nyingi tu. Kitinda akacheka. Akasema nguzo ya tisa wameiacha nyuma kwenye kambi ya zamani, mwendo wa mita mia sita hivi. Kwani hakujua? Mwaka jana maji yalipokuja, mto uliacha njia yake ukachimba nyingine kule mbele. Amri ya jeshi inasema kambi ikae hatua hamsini kutoka mtoni, haisemi kitu kingine. Mto umehama, nao wakahama nao. Wakang'oa mahema, wakavuka lile bonde la mchanga ulikokuwa mto, wakapiga kambi upya kwenye ukingo. Kisima tu ndicho kilichobaki kule nyuma, kila jioni wanarudi kuchota maji. Na kwenye bonde lenyewe, pale katikati penye tope zuri, wamepanda nyanya. Nyanya zimestawi, alisema, angeziona asingeamini.

Bi Kifungu aliketi, akaanza kuyaandika maelezo hayo.

"Mto ulihama kidogo kidogo, au mara moja?"

"Mara moja, dada. Tulilala uko hapa, tukaamka uko kule."

Askari kumi na wawili, bila nia mbaya hata chembe, walikuwa wamefuata mto na kuingia nchi ya watu. Wamekaa humo mwaka mzima, na bendera juu. Nani mwingine angefanya kosa la namna hiyo, kama si watu waliofunzwa kutii amri neno kwa neno? Na yeye mwenyewe, Bi Kifungu, mwenye kuuliza karatasi ya mvua, alikuwa ameyasikia mafuriko redioni mwaka jana na hakuuliza mto umekwenda wapi. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Alimwuliza mdogo wake kama anaogopa. Kitinda akasema vijana wake wako imara, ila ukweli ni kwamba ukingo ule uko wazi. "Wakirusha tena leo, hatuna pa kujificha. Afadhali tuvuke tuwanyamazishe, dada, yaishe." Simu ikakatika.

Maneno hayo alishuka nayo ngazi. Akisaini, Kitinda anavuka kwenye boti ya kwanza kwenda kushambulia ngome yenye mizinga, kwa jina la haki ambayo hapa haipo. Asiposaini, na jirani akarusha tena, Kitinda atakufa palepale akisubiri, na kosa litakuwa la dada yake aliyefunga mikono ya jeshi kwa ajili ya nguzo ya saruji. Aliegemea ukuta wa ngazi, akashika tama kama mtu aliyefiwa. Karani aliyepita alimwamkia, naye kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakumtajia kifungu chochote.

Kisha akajikaza. Kuna swali moja lilikuwa bado linamkwaruza: mwaka mzima jirani anaona bendera ya watu ndani ya shamba lake, asiandike hata barua moja? Akarudi kwa Kabati. Kabati akaapa kwamba faili la mpaka halina barua yoyote ya jirani, akalifungua, kweli halina. Bi Kifungu akamwomba wafikirie pamoja. Barua kama hiyo ingeanzaje? Ingeanza kwa kutaja mafuriko. Kabati akaweka faili chini. Halafu akaondoka taratibu, kama mtu anayekwenda kufungua mlango huku anajua kilichoko nyuma yake, akaelekea rafu ya mbali kabisa, kwenye faili lililoandikwa Mafuriko na Misaada.

Zilikuwamo tatu. Ya kwanza, ya miezi minane nyuma, ya upole: kufuatia mafuriko, kambi yenu imeingia upande wetu, tafadhali mrudi. Ya pili yenye kununa. Ya tatu, ya mwezi uliopita, yenye hasira. Zote zina muhuri wa kupokelewa, na hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyezisoma kupita mstari wa kwanza. Kabati alikaa juu ya ngazi ya kupandia rafu, jasho likamtoka. Alisema miaka thelathini na moja hajapoteza faili. Bi Kifungu akamwambia hata leo hajapoteza, zipo hizi hapa, na ashukuru zimepatikana saa saba mchana na si kesho. Lilikuwa jambo la huruma kumwambia, na lilikuwa kweli pia.

Ofisini kwa Waziri aliwakuta wawili. Waziri alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuingia siasa, mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Jenerali alikuwa amesimama dirishani na mikono nyuma, mrefu, macho mekundu. Tangu jana alikuwa hospitalini kwa wale vijana wake wawili, na sare yake ilionyesha. Bi Kifungu aliweka mezani mkataba, maelezo ya luteni aliyoyaandika kwa mkono, na zile barua tatu. Akasema hawezi kuweka sahihi yake, na akaeleza sababu kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kupumua.

Jenerali ndiye aliyejibu kwanza, na hakupandisha sauti. Aliuliza kama sheria hiyo ya makaratasi inawataka wakae wapigwe. Mtu akikupiga kofi sokoni, alisema, unaanza kwa kuomba ramani ya soko? Halafu akageuka, akamtazama mama yule machoni. "Mdogo wako yuko kule. Ndiyo maana hutaki tuvuke."

 Bi Kifungu hakuinamisha kichwa.

"Ndiyo, yuko kule," alisema. "Na mimi sijui ni lipi litakalomuua, kuvuka au kukaa. Ningekuwa natafuta la kumwokoa ningechanganyikiwa. Kwa hiyo nimetafuta lililo kweli."

Waziri akainua mkono. Alimwambia amweleze hii haki ya kujilinda kama anavyomweleza mtoto wa darasa la nne, maana baada ya saa mbili yeye ndiye atakayesimama mbele ya rais, na rais hapendi vifungu.

Hapo ndipo Bi Kifungu alipofanya jambo ambalo wizara nzima ilisimulia baadaye: aliongea robo saa nzima bila kutaja namba ya kifungu chochote. Alisema haki hiyo ipo, ya kweli, na hakuna nchi inayoiomba kwa mtu. Hakuna sheria duniani inayokutaka ufunge mikono huku unapigwa. Mtu akikuvamia nyumbani na panga, unamzuia kwa ulichonacho, na unapiga kelele majirani wasikie. Ile barua kwa Baraza ndiyo kelele yenyewe, na Baraza likija kushika jambo, unaliachia. Lakini kuna maswali lazima uweze kuyajibu. Umevamiwa kweli, wewe, kwako? Kulikuwa hakuna njia nyingine ya kulizuia panga? Na ulichofanya kilitosha kulizuia, au ulimfuata mtu kwake kesho yake ukachoma nyumba, ghala na kisima cha watoto wake? Kuzuia panga ni kujilinda. Kwenda kuchoma nyumba ni kisasi, hata ukikiita jina gani.

"Sisi," alisema, "tumehamia kwenye uwanja wa mtu bila kujua. Ametuandikia mara tatu. Hatukujibu. Akaturushia mawe."

Waziri aliuliza kama basi jirani hana kosa. Analo, tena kubwa, alijibu Bi Kifungu. Kambi ya watu kumi na wawili wanaomwagilia nyanya haikuwa tishio la kurushiwa makombora, na simu za kuongea zilikuwa wazi; tutamwambia hivyo, na kwenye barua tutaandika hivyo. Ila kosa lake halifuti letu. Na matangi ya mafuta ya mji hayakurusha kitu.

"Na wakivuka?" aliuliza Jenerali. "Wakituvukia kesho?"

"Wakivuka kuja kwetu, Jenerali, wazuie. Saa hiyohiyo. Hutahitaji penseli yangu, nitakuwa naandika barua huku wewe unapigana, na kila sentensi itakuwa na karatasi."

 Jenerali alisogea mezani, akayachukua yale maelezo ya luteni, akayasoma polepole mpaka pale penye amri: kambi ikae hatua hamsini kutoka mtoni. Aliyasoma tena. Kisha akavuta kiti na kuketi, na alipoongea ilikuwa kama anaongea na wale vijana wake wawili kule hospitali. "Amri hii niliiandika mimi. Niliandika mtoni. Sikuandika nguzo."

Angeweza kunyamaza, tusidanganyane. Wakubwa wengi wangenyamaza, wangemtafuta koplo mmoja wa kubebeshwa. Lakini yeye aliivuta simu ya Waziri bila kuomba ruhusa, akasema vijana wake wale kumi warudi nyuma ya nguzo ya tisa kabla jua halijazama, boti zote zibaki nchi kavu, na asirushe mtu hata risasi moja ila kama ni kulinda roho yake wakati wa kurudi. Halafu akamwambia Waziri kwamba sasa zamu yake, ampigie yule wa ng'ambo, kwa sababu watu wanaong'oa mahema ukiwatazama kwa darubini wanafanana na watu wanaojiandaa kuvuka.

Hilo ndilo lilikuwa la hatari, na wote watatu walilijua. Waziri alimpigia rais kwanza, akapata idhini kwa maneno machache, kisha akampata waziri mwenzake wa nchi jirani saa tisa kasoro robo. Bi Kifungu alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: Waziri akisema barua zenu tatu tumeziona leo, ndiyo, leo, najua inavyosikika, Waziri akisema tunarudi tulikokuwa, Waziri akisikiliza muda mrefu, Waziri akisema na nyinyi mmewaumiza vijana wetu wawili, na hilo halitapita hivihivi.  Mwisho akakata simu, akasema yule bwana ameahidi kuongea na ngome yake, ila hakusema ni saa ngapi.

Barua mpya iliandikwa palepale, Bi Kifungu akiitaja na katibu akipiga chapa. Ilikuwa fupi. Ililiarifu Baraza kilichotokea, mto na yote. Ilisema nchi inaishikilia haki yake ya kujilinda na itaitumia ikivamiwa, na kwamba kwa sasa inachagua kurudi kwenye mstari wake na kumwalika jirani wapime mpaka pamoja. Ilikamilika saa tisa na nusu, imechelewa nusu saa, na kila sentensi ilikuwa na namba yake. Aliweka sahihi. Ikaondoka.

Kilichobaki ni kungoja. Mitambo ya kambi ilikuwa imeshazimwa kwa ajili ya kuhama, kwa hiyo hakuna wa kumpigia. Bi Kifungu alikaa kwenye kiti cha chumba cha mawasiliano, mkoba mapajani. Alimfikiria Kitinda akivuka lile bonde la mchanga mweupe, mgongo wake uko wazi kwa mizinga, mita mia sita, na yeye ndiye aliyemtembeza hapo kwa penseli. Kabati alimletea chai, ikapoa. Jua likaegemea madirisha ya jengo la mbele, likawa jekundu, likateremka.

Saa kumi na mbili na dakika chache Jenerali alitoka kwenye mtambo wa redio, vipokea sauti bado viko shingoni. Alisema wamefika. Hakuna aliyerusha kitu, si wao si sisi. Bi Kifungu alifungua mdomo kusema asante, na kinywa kile, kwa mazoea ya miaka ishirini na mitano, kikasema: "Karatasi iko wapi?"

Jenerali alimtazama. Kisha alicheka, kicheko cha mtu ambaye hakulala siku mbili, mpaka akashika ukuta, na fundi mitambo akacheka, na Kabati akacheka huku anahema. Bi Kifungu naye akacheka, na machozi yakamtoka palepale, na hakuyafuta.

Kesho yake jirani alituma barua, na safari hii ikasomwa mpaka mwisho. Alikubali upimaji wa pamoja, akaeleza masikitiko yake kwa makombora manne, na akawatakia nafuu majeruhi, ambao kwa kweli walikuwa wameshaanza kuwalalamikia wauguzi kuhusu uji. Ikabidi Baraza liarifiwe tena, kwa ufupi. Bi Kifungu aliandika rasimu mwenyewe. Sentensi ya mwisho ilisema: askari wetu wote kumi wamerudi salama ndani ya ardhi yetu. Akatia namba kila mahali, ila hapo akapaacha wazi. Taarifa ya mtambo alikuwa nayo. Alisema haimtoshi. Waziri hakumbishia, alisema inaweza kungoja.

Ijumaa mchana mlango wake ulisukumwa bila kubishwa hodi. Aliingia luteni mwembamba mwenye vumbi mpaka kwenye kope, buti zake zikiacha mchanga mweupe juu ya zulia la serikali. Alikuwa ameitwa kuja kueleza mbele ya kamati ya mpaka, na tayari alikuwa na malalamiko: mpaka umeonekana unapita katikati ya bustani yake, matuta manne yetu, matuta matano ya wale, na kapteni wa ng'ambo amemwambia kwa kupiga kelele toka mbali kwamba atamwagilia upande wake, nao wamwagilie wao. Aliyasema hayo yote akiwa bado mlangoni. Halafu akachomoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye doa la jasho, akaiweka mezani. Ilikuwa orodha ya wito wa jioni ya Jumanne, iliyoandikwa kwa penseli chini ya nguzo ya tisa. Majina kumi, na mbele ya kila jina, yupo. La kwanza lilikuwa lake.

"Wameniambia unadai karatasi, dada."

Bi Kifungu aliisoma orodha yote, jina kwa jina, kwa sauti ya chini. Alichomoa penseli nyuma ya sikio, akaivuta ile rasimu karibu, na pembeni ya sentensi ya mwisho akaandika namba yake. Kisha akaiweka penseli chini, akainuka, akazunguka meza kwenda kumpa mdogo wake zile salamu.